Choo cha Mkwe

Gari lilikuwa halijatoka hata Kwa Mathias, pale pale Kibaha wanakoishi, na Zuleha alishachefukwa mpaka basi. Hakuchefukwa na moshi wa malori wala vumbi la barabara ya Morogoro, hayo ameyazoea. Alichefukwa na mumewe, Khalfani, aliyesimama nyuma ya Prado lake kwenye kituo cha mafuta, kitambaa mkononi, akifuta kijumba cheupe cha bati kilichofungwa nyuma ya gari kwa ndoano ya chuma. Kijumba chenyewe kilikuwa na magurudumu mawili, kidirisha chenye pazia la maua, kitanda cha kukunja, jiko la gesi la kuchemshia chai, na choo. Khalfani alikiita karavani. Vijana wa bodaboda walikuwa na jina lao.

"Bosi, koni ya aiskrimu bei gani?" mmoja alipaza sauti.

"Ya vanila imebaki?" mwenzake akadakia, na kituo kizima kikaangua kicheko.

Khalfani hakucheka. Alimaliza kufuta, akajipaka dawa ya mikono, akaingia garini. "Washamba sana hawa," alisema huku akifunga mkanda.

Zuleha aligeukia dirishani. Washamba! Na mtu anayekokota choo chake mwenyewe kwenda nacho ukweni, huyo tumwiteje?

Maana huko ndiko walikokuwa wakienda, ukweni kwa Khalfani, kwa Bi Mwanamvua, mama mzazi wa Zuleha, kule Vihingo wilayani Kisarawe. Huu ulikuwa mwaka wa tatu wa ndoa yao na Khalfani hajalala pale hata usiku mmoja. Alipokwenda mara ya kwanza, bwana harusi mpya ananukia udi, aliingia kwenye choo cha shimo cha mama mkwe, cha kuta za makuti, akatoka mbio kama kafukuzwa na nyuki. Akatapika kwenye mihogo mbele za wageni. Akatema mate, akatema tena, kisha akauliza kwa sauti, "Hivi na humu wanaingia binadamu?" Bi Mwanamvua alisikia, na waliokuwapo wote walisikia. Tangu siku hiyo safari za Vihingo zikawa za kwenda na kurudi, na Khalfani akifika hanywi hata maji, asije akabanwa.

Bi Mwanamvua hana mdomo wa kujibizana, yule mama. Korosho zake za msimu mzima zikageuka matofali na saruji, akajengesha choo kingine. Na ni choo kweli: ukuta wa tofali, sakafu iliyosuguliwa, mlango wa mbao wenye komeo, bati juu, bomba la kutolea harufu, na nje pipa la maji lenye kopo lake jipya. Cha zamani akakifukia. Kisha akapiga simu Kibaha. "Mwanangu, mwambie mkwe wangu aje sasa. Alale. Choo kipo."

Zuleha alikuwa hataki kingine duniani. Khalfani aingie mle, atoke, aseme ahsante mama, kisha alale chini ya bati la mama yake usiku mmoja tu, mama naye apate kuinua uso mbele ya majirani. Alibembeleza wiki nzima. Khalfani akakubali, na Zuleha akafurahi kama mjinga, mpaka jioni moja mumewe aliporudi kutoka Dar akikokota lile likontena.

"Si ulitaka tulale Vihingo?" alisema, meno yote nje. "Basi tutalala."

Zuleha hakuwa na moyo wa kumwambia mama yake.

Kibaya zaidi, Khalfani alianza mazoezi. Wiki nzima karavani lilikaa uani kwao Kibaha, na kila asubuhi yeye anaacha choo cha nyumba, anakwenda kukaa mle. Chini ya kiti kuna kisanduku chenye dawa ya buluu, na kisanduku ni kidogo, maji yakizidi kinajaa upesi. Kwa hiyo maji marufuku. Anachamba kwa karatasi! Mwanamume Mwislamu, kalelewa na mama yake kwa kopo la maji, sasa anajifuta kama mtu anayefuta meza, halafu anakuja kushika kikombe cha chai na kumwambia mkewe nipitishie chapati. Zuleha alikuwa akimpitishia kwa ncha za vidole. Usiku mume akimsogelea, Zuleha anasingizia kichwa kinauma. Na huyo ndiye anayeona kinyaa kwa mama wa watu!

Mlandizi wakakata kushoto kushika njia ya Mzenga. Lami ikaisha, mchanga ukaanza, na karavani likaanza kucheza nyuma yao, mara huku mara kule, vikombe vinagongana ndani. Khalfani akatia forwili, akakaza mikono kwenye usukani kana kwamba anavuka jangwa. Watu wanapita pale na baiskeli, wamepakia magunia ya mkaa. Kila baada ya mwendo kidogo anasimama, anashuka, anakagua ndoano, anafuta vumbi, anajipaka dawa ya mikono, anapanda. Waliondoka asubuhi, wakafika adhuhuri imeshaadhiniwa.

Bi Mwanamvua alikuwa amevaa kanga mpya, doti nzima. Alikuja akichechemea, mikono imenyooshwa mbele kupokea mizigo, akaliona lile dude. Akasimama.

"Shikamoo mama," Khalfani alisema kupitia dirishani, bila kushuka.

"Marahaba, baba. Karibuni, karibuni sana." Macho yake yalikuwa kwenye karavani. "Mmemletea nani kibanda?"

"Tutalala humo, mama," Khalfani akajibu. "Tusikusumbue."

Zuleha alitamani ardhi ipasuke. Aliuona uso wa mama yake ukijaribu kutabasamu, ukashindwa, ukajaribu tena. "Haya, ni sawa," mama alisema. "Choo kile pale, baba, nyuma ya mkorosho. Maji yapo kwenye pipa."

"Ninacho changu, mama," alisema mkwe, na akaingiza rivasi.

Alitaka kivuli cha mkorosho, mbali na kuku. Sasa kurudisha nyuma gari lenye tela si mchezo. Ukikata kulia, tela linakwenda kushoto. Khalfani alikuwa amejifunza hayo kwenye video za simu, akiwa amelala kitandani. Zuleha alishuka akapiga kelele, "Simama! Simama, unakwenda ukutani!"

"Najua ninachofanya!"

Pembe ya karavani ikapiga ukuta wa choo. Haukuwa mshindo mkubwa. Tofali la juu likaanguka, likafuatwa na mengine, bati likalala upande, na ukuta mzima ukainama polepole ukaangukia ndani. Sakafu iliyosuguliwa ikapasuka katikati na kuzama shimoni, mlango na komeo lake, likabaki pipa la nje tu. Harufu ikapanda.

Khalfani alishuka mbio. Zuleha alidhani anamkimbilia mama yake kumwomba radhi. Wapi! Alipiga magoti kwenye pembe ya karavani, akapitisha kidole juu ya mchubuko. "Loo, rangi yote hii!" Kisha akainua uso, amejiziba pua kwa shati, akamtazama mama mkwe wake. "Mmekijenga karibu mno na njia."

Astaghfirullah. Zuleha ameolewa na mtu huyu. Amekula naye, amelala naye, amemfulia nguo zake za ndani. Kinyaa kilimpanda, na hakikutokana na lile shimo.

"Si neno," Bi Mwanamvua alisema. "Tofali ni tofali. Karibuni mle."

Jogoo alikuwa amechinjwa. Palikuwa na wali wa nazi, mchicha, na mkeka uliokung'utwa. Khalfani alifungua kiti chake cha turubai mbele ya karavani, akatoa sahani yake na uma wake, akachagua paja, akalipekua mbele na nyuma kana kwamba anatafuta kupe. Bi Mwanamvua alijifanya hamwoni, lakini Zuleha alimwona mama yake akihesabu punje za wali mbele yake bila kula.

Halafu mama akaanza kuhangaika. Anakaa upande huu, anahamia upande ule. Bi Mwanamvua ana sukari, na mwenye sukari akibanwa hakuna habari ya kusubiri. Aliutazama mkorosho, akalitazama shimo. Zuleha akaelewa. Alinyanyuka, akamwendea mumewe, akainama sikioni kwake.

"Mama anataka kwenda haja. Mfungulie."

"Nani amfungulie nini?"

"Wewe. Choo."

Khalfani aliacha kutafuna. "Zuleha, kile ni cha watu wawili. Dawa yake imepimwa." Wala hakupunguza sauti. "Na wazee wa huku hawajui kukalia kiti. Atapanda juu na miguu. Aende tu porini, si wamezoea?"

Bi Mwanamvua alikuwa nyuma yao, ameshika birika la maji ya kunawa. Alilitua chini taratibu asimwage hata tone.

"Zuleha," alisema, "nisindikize kwa Bi Hajra."

Kwa Bi Hajra, jirani yao, ni kuvuka shamba la mihogo. Walitembea, mama akichechemea haraka, mkono mmoja ameshika kanga kiunoni. Zuleha alikuwa nyuma yake akiutazama ule mgongo uliombeba, unaharakishwa mihogoni na mwanamume aliyetoka kula kuku wake. Machozi yalimtoka ya hasira, akayapangusa kwa kiganja.

Uani kwa Bi Hajra kina mama wa mtaa walikuwa wamekaa wanabangua korosho, mikono myeusi, soga zimekolea. Bi Mwanamvua aliitikia salamu mbiombio akapitiliza chooni. Alipotoka, roho imemtulia, Bi Hajra akamuuliza, "Dada, kulikoni? Choo kile cha kifalme kimefanyaje?"

"Kimetitia," Bi Mwanamvua alisema. "Chenyewe tu. Mvua zile."

Mvua gani? Palikuwa hapajanyesha tangu mwezi uliopita. Kina mama walitazamana. Mama yake alikuwa anamsitiri mkwe. Amevunjiwa, ametukanwa, ameambiwa aende porini akiwa nyumbani kwake mwenyewe, na bado anamtafutia mkwe sitara kwa uongo. Zuleha alijua naye anatakiwa anyamaze. Mke hamwaniki mumewe. Alifundishwa hivyo, na somo wake, na huyo huyo mama yake.

"Hakikutitia," alisema. "Mume wangu kakibomoa na tela lake. Kaja na choo chake, na kamnyima mama kukitumia. Kasema wazee wa huku watapanda na miguu."

"Zuleha!" mama akamkemea.

"Na humo ndani hakuna maji. Anachamba kwa karatasi."

Nyundo za korosho zilinyamaza zote kwa pamoja.

"Karatasi tupu?" Bi Hajra aliuliza.

"Tupu."

"Kisha anaswali?"

"Ijumaa, safu ya mbele."

"Makubwa haya!" Bi Hajra akajifunga kanga kiunoni, akanyanyuka. Ni mama mnene, mwenye sauti ya kuitia ng'ambo ya mto. "Na sisi ndio wachafu! Haya jamani, mkwe kaja, na mgeni huamkiwa. Kila mtu na kopo lake."

Bi Mwanamvua aliomba, alisihi, alimshika Bi Hajra mkono. Ikawa kazi bure. Walivuka shamba la mihogo wakiongozana, makopo, mitungi, hata ndoo, vicheko mbele na nyuma. Khalfani aliwaona wakitokea, akainuka kwenye kiti chake cha turubai.

"Marahaba, baba," Bi Hajra alimwambia. "Hujaniamkia, lakini nimeshaitikia. Tumekuja kukitazama choo."

"Aa, mama, samahani, kile..."

"Mkeo katukaribisha."

Zuleha alikuwa ameshapanda ngazi ya karavani na kuufungua mlango wazi. "Karibu, Bi Hajra," alisema.

Khalfani angefanya nini? Angewashika mama za watu? Angewasukuma? Alimwita mkewe kwa jicho, mkewe akatazama kwingine. Bi Hajra aliingia na kopo, akakaa humo kwa nafasi, yakasikika maji yakimwagika bila ubahili wowote, akatoka. "Kizuri," alisema. "Kinabana makalio, lakini kizuri." Akafuata wa pili, akafuata wa tatu. Kila mmoja alijaza upya kopo lake pipani, na kila mmoja alichamba kwa haki yake yote, kama alivyofundwa. Kutoka ndani ilisikika sauti, "Jamani, na hii karatasi ndiyo yenyewe? Mbona laini kama shavu la mtoto!" Walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

Khalfani alikimbilia ndani ya Prado, akapandisha vioo, akawasha kiyoyozi. Zuleha alimtazama kupitia kioo, uso umekunjamana, shati bado puani. Alimwona vizuri sasa, na alijua kuwa kesho asubuhi gari hilo likiondoka, yeye atakuwa hapa anachanganya saruji.

Wa mwisho kutoka alikuwa mama kijana wa nyumba ya tatu. Zuleha alidhani shughuli imekwisha. Lakini Bi Mwanamvua, aliyekaa mkekani muda wote na kanga usoni, alianza tena kuhangaika, sukari ile ile. Aliutazama mlango wa karavani ulio wazi. Akainuka, akachota maji pipani kwa kopo lake jipya, akavua kandambili zake chini ya ngazi, akapanda. Hakuna aliyecheka. Alikaa kidogo, akatoka, akaurudishia mlango kwa adabu.

Kisha akachechemea mpaka kwenye Prado, akagonga kioo kwa kidole. Khalfani alikishusha kidogo. Bi Mwanamvua aliinamisha macho, kama mama mkwe anavyozungumza na mkwewe.

"Samahani, baba," alisema. "Kimejaa."