Kufungua Maji ya Makari

Watu wa kijiji chetu wana adabu, hilo siwanyimi. Walikaa kiangazi chote bila kula halibati na hakuna aliyekuja mlangoni kwangu kulalamika. Walilalamika dukani, wakalalamika kanisani, wakalalamikiana kwenye redio za boti ambako kila mtu anasikia, lakini mlangoni kwangu walileta mikate na pole. Mpaka Agosti ilipokatika na samoni hawajaja, ndipo Innokenti alipopiga hodi.

Kwetu huku Ghuba ya Isuwik, Alaska, bahari ikimchukua mtu isimrudishe, maji yanafungwa. Samoni mnaweza kula, maana ni mpita njia, anatoka mbali na hajui habari za hapa. Lakini halibati analala chini. Ni gayogayo wetu huyu, macho yote mawili upande mmoja, anakua mpaka anakuwa mpana kama mlango, na anakula chochote kinachozama. Sidhani kama nahitaji kueleza zaidi. Maji yakishafungwa hufunguliwa na watu wa nyumba ya aliyepotea, hakuna mwingine. Mmoja wao anatoka kwa chombo cha aina ileile aliyotumia aliyepotea, anavua halibati wa kwanza, anampasua tumbo ufukweni mbele ya wote. Tumbo likiwa safi, samaki anapikwa palepale na mwenye msiba anaonja kabla ya watu. Hapo ndipo aliyepotea anaitwa marehemu. Kabla ya hapo ni mtu ambaye hajarudi.

Mume wangu Makari alikuwa hajarudi tangu Mei.

Naomba nimseme kidogo, maana alinikera akiwepo na hajaacha kunikera. Boti ya injini alikuwa nayo kama wanaume wenzake, lakini halibati alitaka kumvua kwa kayaki, kimtumbwi chembamba cha mtu mmoja, eti kama babu zake. Ya babu zake ilikuwa ya ngozi ya simba-bahari, yake ilikuwa ya plastiki, rangi ya chungwa. Alisema ukiwa ndani ya kayaki unamsikia samaki kwenye makalio. Haya. Siku chache kabla hajapotea, samaki mkubwa alimponyoka akaenda na mshipi na boya, na jioni redio nzima ikamcheka. Aliyevuma kuliko wote alikuwa Innokenti, binamu yake, ambaye Jumapili ndiye anayetusomea sala kanisani. Alisema Makari siku hizi si mvuvi, ni mhudumu wa hoteli, anawapelekea halibati chakula mezani. Watu walicheka mpaka mume wangu akaizima redio na kwenda kulala bila kula.

Sasa, anayevua kwa kayaki hafungi mshipi kwenye kayaki. Hilo watoto wetu wanalijua kabla hawajajua kusoma. Samaki akikushinda unatupa boya, unamwacha ahangaike nalo mpaka achoke. Makari aliufunga kwenye kiti, kwa sababu alichoka kuchekwa. Kayaki waliikuta nje ya Kisiwa cha Ndege, imepinduka, inakwenda yenyewe polepole dhidi ya mkondo, maana samaki alikuwa bado mzima kule chini na anaivuta. Wakaukata mshipi. Makari hawakumwona, na jaketi lake la kuelea lilikuwa nyumbani, limetundikwa msumarini. Mpaka leo nikiliona natamani kumzaba kofi.

Basi Innokenti akaingia, akavua kofia, nikampa chai. Alizungumza habari za ukungu, akazungumza habari za paa la kanisa, akasifu jamu. Nilimwacha ahangaike. Mwishowe akasema watu wanauliza majira ya baridi yatakuwaje, samoni hawakuja, na vyakula vinavyoletwa kwa ndege siku hizi havishikiki kwa bei. Nikamwambia mwenye mtoto yuko pale jikoni, amwulize yeye.

Mama mkwe wangu, Matrona, alikuwa anamenya viazi. Hakuinua kichwa.

"Maji hayafunguliwi," akasema.

"Mama mkubwa, kuna watoto wadogo..."

"Wapeni viazi."

Innokenti akaimaliza chai yake kwa haraka na kuondoka. Mimi nilifurahi, na sikuona haya. Nilifurahi kwa sababu nilijua ninachokiwaza peke yangu usingizi ukikataa, kwamba huenda meli fulani ilimwokota, huenda yuko hospitali mji wa mbali hata jina lake halikumbuki. Nilijua ni upuuzi. Lakini kama mama yake mzazi, mwanamke asiye na mchezo, alikuwa anakataa kumwita marehemu, basi sikuwa nimerukwa na akili peke yangu. Tulikuwa wawili tunaomngoja. Hatukuwahi kulizungumza. Tulikuwa tunakaa naye sebuleni, kila mmoja na kazi yake ya mkono, na mimi nilikuwa napata nguvu kwa kumwangalia tu.

Aliyeniharibia ni Paraskovia, jirani yangu, ambaye adabu za kijiji zilimpita kando. Alikuja mchana, hakutaka chai. Alisema amelifunga friza lake kwa kamba ili wanawe waache kulifungua na kukuta barafu tupu. Nikamwambia pole. Akaniambia pole haipikwi.

"Feodosia, shoga, wenzangu wanakuonea huruma, mimi nimechoka," akasema. "Makari hatarudi. Wewe unajua, na ungekuwa hujui usingekuwa unakasirika hivi."

Nilimfukuza. Nilimwita majina ambayo siwezi kuyarudia, na alipofika kwake akanirushia mengine kutoka dirishani. Lakini nilipokuwa naosha vyombo baadaye maneno yake yalinirudia. Nilikasirika kweli, tena kila siku, na mtu hamkasirikii hivyo anayetarajia kumwona Ijumaa.

Siku mbili tatu nilizunguka na neno kooni. Halafu nikamwambia mama mkwe kwamba nakwenda kufungua maji. Alikuwa amesimama dirishani, amenipa mgongo.

"Ukienda," akasema, "usiniite mama tena."

Nikaenda hivyohivyo. Mnaweza kuniona mkaidi. Mimi nilijiona nimekufa tayari, kwa hiyo sikuona cha kupoteza.

Asubuhi ile kijiji kizima kilikuwa ufukweni, wanawake wameshawasha moto na kuteleka sufuria, mtu angefikiri kuna arusi. Kayaki ilikuwa ileile ya rangi ya chungwa, hakuna aliyethubutu kuigusa tangu Mei. Innokenti alinishikia nyuma nilipokuwa naingia, na pale nilipokuwa naweka kafi sawa akaniinamia akaninong'oneza nisiufunge mshipi kwenye kiti.

"Hilo ungemwambia yeye, redioni," nikamjibu.

Akanisukuma majini taratibu sana, kama anayesukuma kitanda cha mgonjwa. Nilisikia kilio kwenye pumzi zake na sikugeuka kumtazama.

Nilipiga kafi mpaka sauti za watu zikaisha. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji na mkondo umesimama, saa nzuri ya halibati, Makari angeshukuru. Nikatia kwenye ndoano kichwa cha samoni wa mwaka jana kilichohifadhiwa kwa chumvi, nikaacha chubwi lishuke mpaka nikalisikia likigonga chini, nikalinyanyua kidogo. Halafu nikaomba Mungu nisipate kitu. Nilitaka kurudi mikono mitupu, niseme nimejaribu, maji yamekataa, tusubiri mwakani. Niliomba kwa sauti, kwa kuwa hakukuwa na wa kunisikia, na meno yalikuwa yanagongana kwa baridi.

Halibati hashtui anapokula. Anavuta taratibu, kama mtu anayekuvuta shuka kitandani. Makari alikuwa na tabia hiyo, akinivuta shuka usingizini mpaka asubuhi ananikuta nimejikunyata. Nilipousikia mshipi ukivutwa vile nilisema jina lake, nikajichukia kwa kulisema.

Nilimpandisha. Alikuwa mdogo, ukubwa wa sinia, ndio watamu. Tumbo lake jeupe lilionekana kwenye maji ya kijani, likapotea, likaonekana tena, akaja kulala ubavuni mwa kayaki akinitazama kwa macho yake mawili ya upande mmoja. Kisu kilikuwa mapajani mwangu. Ningeweza kuukata mshipi. Innokenti ana darubini, lakini ukungu ule hata Mungu asingeona vizuri. Ningeukata, ningerudi, mama angebaki mama yangu, na Makari angebaki mtu ambaye hajarudi. Nilikishika kisu kabisa. Nikafikiria kuamka kesho na kungoja, na keshokutwa, na kusikiliza kila ndege ndogo inayoshuka, na kukimbilia dirishani, na nikajua siwezi. Nilichoka kumngoja, hiyo ndiyo kweli. Sikumwacha Makari kwa ajili ya watoto wa Paraskovia, ingawa kijiji kinanisifu hivyo. Nilimpiga samaki rungu la kichwa, nikampasua matamvua atoke damu, nikamkunja mkia kwa kichwa nikamfunga kamba jinsi tunavyofunga sisi, nikageuza kayaki.

Walinipokea kwa kuivuta kayaki nchi kavu. Nikampasua kwenye jiwe, wote wamenizunguka, nikalitoa tumbo lake nikalichana na kulikung'uta mbele yao. Walitoka kaa wadogo, kipande cha mkono wa pweza, na kokoto moja.

"Safi," akasema Innokenti.

Nikasikia watu wakishusha pumzi. Wanawake wakakatakata minofu, ikaingia kwenye sufuria pamoja na vitunguu, na nikaletewa kipande cha shavu kwenye bakuli, maana mwenye msiba hupewa shavu. Nikala. Alikuwa mtamu. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kwamba alikuwa mtamu na ulimi wangu ukataka zaidi. Innokenti akaanza sala ya wafu, akalitaja jina la Makari kati ya marehemu, sauti ikamkatika katikati, Paraskovia akamalizia wimbo kwa niaba yake. Tulilia sote. Lakini nikaona pia wanaume wakitupia macho boti zao, na siwalaumu.

Ndipo mama mkwe akashuka kutoka nyumbani. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani na viatu vya ndani. Watu wakampisha. Nilidhani anakuja kunilaani, nikasimama nipokee, lakini alinipita akaenda mpaka kwenye jiwe lenye matumbo ya samaki, akapiga magoti na kuingiza mikono miwili. Akachambua. Akafungua kaa mmoja mmoja. Akaifuta ile kokoto kwa pindo la koti, akaigeuza, akaiweka chini.

"Ni haya tu?" akaniuliza.

"Ni haya tu, mama." Neno lilinitoka kabla sijakumbuka.

"Umeangalia vizuri? Na utumbo mdogo?"

Nikamwambia nimeangalia. Nikapiga magoti karibu yake nikamwambia, ili watu wasisikie, kwamba najua nimemwumiza, najua alikuwa anamngoja, hata mimi nilikuwa namngoja. Akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Nimngoje nani?" akasema. "Feodosia, nimemzaa mimi. Nilijua siku ileile walipoleta kayaki." Akafuta mikono kwenye koti. "Niliwakataza kwa sababu mkishafungua kila mtu atavua kwake, atatumbua kwake, atatupa kwake. Mwanangu ataingia kwenye sufuria za watu, na mimi nitakosa hata ukucha wa kuzika."

Kiangazi chote nilikuwa nimeegemea tumaini la yule mama, na hakuwa na tumaini lolote. Aliyekuwa anangoja ni mimi peke yangu.

Innokenti alisikia. Jioni yake, boti zilipoingia zimejaa, yake ilikuwa ya kwanza kutia nanga, na hakwenda nayo kwake. Alibeba halibati wake wazima wazima mpaka barazani kwetu, akawalaza chini, akavua kofia. Wengine wakafuata bila kuambiwa. Toka siku hiyo hakuna nyumba inayotumbua halibati katika Ghuba ya Isuwik. Wote wanaletwa kwa Matrona, anawapasua yeye, anachambua tumbo na utumbo, kisha mwenye samaki anarudishiwa minofu yake na kuondoka. Mafriza ya watu yamejaa. Paraskovia ameikata ile kamba na ananiletea supu ambayo siinywi.

Sasa ni Oktoba, barafu imeanza kuganda ukingoni, na boti zinatoka siku za jua tu. Mimi nakaa naye barazani, nanoa visu na kumwagia vidole vyake maji ya moto vinapokufa ganzi. Hajapata kitu. Kila tumbo analolifungua anaomba akute, nasikia midomo yake, na mimi kando yake naomba asikute, kwa sababu tumbo likiwa tupu bado kuna kisauti kijinga ndani yangu kinachouliza kama huenda yuko hai, na nimeshindwa kukinyamazisha hata baada ya kula lile shavu. Yeye hajui. Nikimwambia atanishangaa tena kama alivyonishangaa ufukweni. Basi namsogezea samaki mwingine.