Poda Nyuma ya Sikio

Mama Bernadette, jirani yetu, anasema aliona na macho yake. Anasema waliposoma jina la Ephraïm kati ya wenye wamemaliza licence ya droit, digrii ya sheria, alitoka mu salle ya chuo anarukaruka. Mama mumoja wa kutoka Mahagi akatandika kikwembe kipya chini, Ephraïm akatembea juu yake kama chifu. Kisha binti mumoja wa miwani akamumwangia poda kichwani, kopo nzima, vile wanafanyia wenye wamefaulu. Watu wakapiga vigelegele. Mwalimu wake akauliza, "Na bibi iko wapi, atusalimie?" Ephraïm akacheka, akasema, "Bado sijaoa, Prof."

"Mimi nilienda juu ya Anaclet, mutoto wa dada yangu, naye amemaliza," Mama Bernadette aliniambia. "Nikakutafuta sana. Nikasema, bibi ya maître, mwanasheria wetu, angali anajipamba. Kumbe weye uko hapa unatwanga sombe!"

"Proclamation, kusoma majina, iko juma ijayo," nilimujibu. "Ephraïm mwenyewe alisema."

"Basi ile poda ilikuwa ya mwaka jana," akasema, akabeba ndoo yake.

Niliendelea kutwanga yale majani ya muhogo. Mu mutaa wetu wa Saio watu wanaongea sana, na Mama Bernadette anaongea hata kwa niaba ya wenye wamenyamaza. Chini ya kitanda nilikuwa nimeweka kopo yangu ya poda, na kikwembe cha maua chenye nilitoka nacho Djugu siku tulikimbia vita. Sikukivaa hata mara moja. Nilikuwa nakiwekea miguu ya Ephraïm.

Mimi niliishia darasa ya sita primaire. Kifaransa najua kukisoma, kukielewa ni kidogo kidogo. Tangu tuanze kukaa pamoja, Ephraïm alikuwa ananipa silabusi, kitabu cha masomo yake, na mwiko. "Fuata na kidole, Abi. Nikikosa neno, unigonge." Anafunga macho, anasema masomo yake, mimi nafuata. Akikosa, namugonga mwiko kwenye goti. Kuna siku goti ilivimba, akaenda mutihani anachechemea, akafaulu.

Somo ya ndoa ndiyo ilimusumbua zaidi. Alinielezea na Kiswahili: mwanaume na mwanamuke wanaweza kupikiana na kulala nyumba moja mpaka wazeeke, lakini kama mahari haijatoka na ofisi ya commune haijaandika, mbele ya sheria hakuna bibi pale. Kisha akaongeza, macho bado yamefungwa: "Isipokuwa Abi. Nikimaliza tu, naenda kwa baba yake na mbuzi." Nikamugonga. "Hiyo haiko mu silabusi!" Tulicheka mpaka Mama Bernadette akagonga ukuta.

Siku ile ya maneno ya Mama Bernadette, alirudi jua lingali juu. Nywele mbichi kwa maji, shati lingine. Mimi nilikuwa nakoroga sombe.

"Umeshinda aje, Abi?"

"Muzuri. Proclamation, ni juma ijayo kweli?"

"Si nilikuambia?"

Nikamukaribia. Nikapitisha kidole nyuma ya sikio lake, nikamuonyesha. Kidole kilikuwa cheupe.

Akakaa kwenye kitanda.

"Mama yangu alituma habari kama anakuja. Ningefanya nini? Yeye hajui."

"Hajui nini?"

"Kama weye uko."

Inje, watoto walikuwa wanagombania mupira.

"Na Prof aliuliza bibi."

"Nilisema sijaoa." Alitazama ukuta. "Abi, usikasirike. Mbele ya sheria sikudanganya. Mahari haijatoka. Commune haijaandika. Hata tungekaa hivi mpaka tuzeeke..."

Alisema yote, polepole, mustari kwa mustari, vile alikuwa anasema akifunga macho. Mwiko ulikuwa mu mukono wangu. Nilimufuata neno kwa neno. Hakukosa hata moja.

"Na ule wa miwani?"

"Ni binti wa rafiki ya mama. Mama ndiye alimuita."

Nikainama, nikatoa kikwembe chini ya kitanda. Nilikuwa nimekikunja vizuri, kikakaa na alama za kukunjwa. Nikakaa, nikakiweka kwenye magoti yangu.

"Mama yako anarudi Mahagi lini?"

"Kesho. Iko hapa mujini, mutaa wa Shari, kwa shangazi."

"Ephraïm, mbuzi sikuulizi. Binti ule pia sikuulizi. Kesho, mbele mama hajapanda gari, unipeleke nimusalimie. Useme tu, 'Mama, huyu ni Abi.' Usiongeze hata neno lingine. Utanipeleka?"

Aliinama kufungua kamba za viatu. Zilikuwa zimekwisha kufunguka. Akaendelea kuzishikashika, na sombe ikaanza kuungua.