Ngoma ya Bluu

Saa kumi alasiri ndiyo saa pekee ambayo mitaa ya Hewa Bora na Naviundu ilikuwa na umeme kwa pamoja. Kabla ya hapo ilikuwa zamu ya Hewa Bora kukatiwa, na ikigonga saa kumi na moja Naviundu nayo ilizimwa. Nani alipanga hivyo, na kwa akili gani, usiniulize. Urafiki wa Syntiche na Wivine uliishi ndani ya saa hiyo moja kwa miaka miwili, ukashiba.

Wivine hakuwa mtu wa kutembea. Alizaliwa na ule ugonjwa wa damu ambao watu wa Lubumbashi huutaja kwa herufi mbili tu, SS, kisha wakanyamaza, na baridi ya mwezi wa sita ilikuwa adui yake mkubwa. Ndipo mjomba wake Mutale, mchuuzi wa vitu vilivyotumika kutoka Afrika Kusini, akamletea mashine ya michezo, hiyo ambayo watu huiita play, pamoja na ngoma zake nne za mpira, nyekundu, njano, bluu na kijani, zimesimama kwenye miguu ya chuma. Syntiche, aliyeimba naye kwaya ya parokia, alimsumbua baba yake mpaka naye akapata mashine, gitaa la plastiki na mikrofoni. Wivine alipiga ngoma Naviundu, Syntiche akapiga gitaa na kuimba Hewa Bora, mtandao ukawaunganisha, na kioo cha televisheni kikawatolea nyota. Ukikosea, kioo hicho hakina haya, kinakuzomea mbele ya wageni.

Wimbo waliouzoea ulikuwa wa Kiingereza na hawakuelewa hata neno moja. Mashine haijali maneno, inasikiliza sauti inavyopanda na kushuka tu. Basi kwenye kiitikio wakatia maneno yao: *Kuya mbio, dada, kuya mbio, courant itaenda.* Yaani, njoo upesi kabla umeme haujakatwa. Waliimba, na sauti zao zilifanana kabisa. Rigobert, kiongozi wa kwaya, aliwasimamisha kwenye pembe mbili ili ajue yupi kakosea, na hata hivyo alimkaripia asiye na kosa. Mama Constance, mama yake Wivine, alimsikia Syntiche uani akaita, "Wivine, leta maji!" kisha akacheka mwenyewe.

Ugomvi wao ulitokana na ngoma ya bluu. Tangu karibu na Pasaka, kila pigo la bluu lilipopita kwenye kioo, Wivine aliliacha. Nyekundu alipiga, njano alipiga, ikija bluu, kimya. Nyota zikapukutika. Syntiche alivumilia wiki, alivumilia mwezi, na siku moja ya mwezi wa sita akafungua mdomo.

"Weye unalala na vijiti mu mukono," alimwambia kwenye mikrofoni. "Miye nimechoka kushindwa juu yako. Tafuta mwingine."

Ulimi hauna mfupa. Kesho yake, saa kumi, jina la Wivine likatokea kwenye kioo likimwalika. Syntiche akabonyeza *kataa*. Likatokea tena, akakataa tena. Mara ya tatu alikataa huku akila karanga. Hilo la karanga ndilo lililomtesa baadaye kuliko yote. Siku ya nne baridi ilimshika Wivine kwenye mifupa, akapelekwa hospitali, na Alhamisi akafa akiwa na miaka kumi na tisa.

Kwenye kilio Syntiche alikaa nyuma kabisa, kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, tayari kukimbia. Hakutoa chozi. Mama Constance naye hakulia, na wanawake waliokaa naye chini kwenye mikeka walianza kuulizana kwa macho. Mama gani huyu? Alipokea mikono ya watu, akashukuru, akauliza kama wageni wamekula. Baada ya maziko Syntiche hakurudi tena katika nyumba ile.

Miezi miwili ikapita. Siku moja saa kumi aliwasha mashine yake ili afute lile jina, maana kulikuta pale kila mara kulimchoma. Jina lilikuwa linawaka. Pembeni yake kulikuwa na alama ya kijani, alama ya mtu aliyepo. Na hapo hapo mwaliko ukaja.

Syntiche akasogea nyuma mpaka ukutani. Kaku wake, mama wa baba yake, aliyetoka Kasai na masanduku mawili na miiko mia mbili, alimfundisha tangu utotoni kwamba marehemu haitwi kwa jina. Ukimwita unamfungulia mlango, na kumrudisha ni kazi. Lakini kaku hakusema lolote kuhusu marehemu anayekuita yeye mwenyewe. Msichana alikuwa ameshakataa mara tatu, na aliona kilichofuata. Akabonyeza *kubali*.

Ngoma zilianza taratibu, za kukwama kwama, mkono wa mtu aliyeamka kitandani baada ya ugonjwa mrefu. Nyekundu. Njano. Ikaja bluu, kimya.

Hapo akajua. Ni nani mwingine duniani angeiacha bluu peke yake? Akaanza kuimba. Hakusema neno, hakutaja jina, aliimba tu mpaka saa kumi na moja, na umeme wa Naviundu ukamkata katikati ya mstari.

Tangu siku hiyo akawa mtu wa saa kumi. Aliacha kwaya na kupungua mwili, na mama yake akadhani ni mapenzi. Mkono ule ng'ambo ulizidi kupata nguvu, lakini bluu haikugusa kamwe, na Syntiche alielewa kuwa hiyo ndiyo hukumu yake. Wivine alikuwa anamwonyesha kila siku kile alichomtukania. Aliogopa, na wakati huohuo hakutaka yaishe. Kila alipofika kwenye kiitikio aliimba kama mtu anayeomba msamaha, na maneno yenyewe yalimtisha: kuya mbio, dada, kuya mbio.

Mwezi wa kumi, miti ya jakaranda imechanua na joto limekaza, Rigobert alikuja nyumbani kwao, kofia mkononi.

"Syntiche, mama, unisaidie," alisema. "Mama Wivine anakatala tumalize kilio. Anasema mutoto hakukufa. Anasema kila siku saa kumi anaimbaka mu ile play. Bantu ba jirani banaanza kusema ni bulozi, ni buchawi. Famille inasema dimanche bataikamata ile mashine, baiunguze ku maombi. Weye unaijua. Wende umwambie ukweli."

Mtu mwingine angemhurumia yule mama. Syntiche alifurahi mpaka akaona aibu. Kumbe hakuwa peke yake! Mama naye anamsikia. Jumapili waliyoitaja ilikuwa siku tano mbele. Kesho yake, kabla ya saa kumi, alipanda pikipiki kwenda Naviundu, si kumwambia mama ukweli, bali kumwambia, nami ninamsikia.

Mama Constance alimfungulia kabla hajabisha mara ya pili. Alikuwa amevaa kitambaa safi kichwani, macho yanang'aa, wala hakufanana na mtu ambaye familia inamjadili.

"Kumbe ni weye. Ingia, mutoto yangu. Nilijua utakuya siku moja. Ikala pale, atafika sasa hivi. Hachelewaka."

Chumba cha Wivine kilikuwa vilevile. Blanketi nene, chupa ya maji ya moto ya kuwekea miguu, na zile ngoma nne mbele ya kioo. Saa kumi kasoro kidogo Mama Constance akawasha mashine, akavuta kiti, akaketi nyuma ya ngoma. Akachukua vijiti.

Syntiche alimtazama bila kuelewa. "Mama... ni weye unapigaka?"

"Ni nani tena? Mutoto anaimba, nimuache yeye moja?" Mama alitabasamu. "Siku ile nilikuya tu kupanguza vumbi. Nikaiwasha, nikavaa casque yake ku masikio, nikafinya fasi ya kijani, ile Wivine alifinyaka kila siku. Ah, Syntiche! Nikamusikia. Wivine wangu, sauti yake, sawa vile. Miaka mbili nilikaa pa kitanda hapa namuangalia anapiga. Basi nikakamata vijiti."

Syntiche akavitazama vijiti. Jioni zote zile, hofu yote ile, ilikuwa mikono ya mama. Na mama miaka miwili alimwona Wivine akiwa na vifaa vya kusikilizia masikioni, hakuwahi kuisikia sauti ya upande wa pili. Aliambiwa na mwanawe kwamba Syntiche ameacha kucheza. Siku aliyovivaa yeye, asiyejua kusoma majina ya kwenye kioo, sauti ile angedhani ni ya nani?

Lakini mtu anayezama hushika hata unyasi. Na bluu je? Bluu ilikuwa siri ya Wivine.

"Leo tusikie bawili," alisema mama, akachomoa waya wa casque ili sauti itoke kwenye televisheni, na wimbo ukaanza.

Nyekundu, mama akapiga. Njano, akapiga. Ikaja bluu, na kijiti cha mama kikaishukia ngoma ya bluu katikati kabisa, kwa nguvu. Kioo hakikuona kitu. Akapiga tena, tena kioo kikakaa kimya.

"Hiyo ilikufaka zamani, mbele ya Pasaka," mama alisema bila kugeuka. "Wivine aliipigaka mpaka mukono ikavimba, akizania itaamuka. Akaniambia, Mama, usimwambie Syntiche. Akijua ngoma ilikufa, atasema hatuwezi kucheza tena. Tungojee tonton Mutale arudi na ingine."

Syntiche aliweka mkono mdomoni. Mkono wa Wivine ulivimba. Na yeye akasema unalala na vijiti.

Kiitikio kikafika. Maneno ya Kiingereza yalipita kwenye kioo, moja baada ya jingine, na hakuna aliyeyaimba. Televisheni ilitoa ngoma za mama peke yake. Mama alisogeza kichwa mbele, akasikiliza kwa shingo yote.

"Hajakuya," alisema. Wimbo uliendelea, naye akaendelea kupiga, lakini pigo lilianza kulegea. Kisha akasema kwa upole, upole ambao Syntiche angeubadilisha kwa kofi, "Usikasirike, mutoto yangu. Pengine ni juu yako. Alikuita mara tatu, ukamufungia. Ilimuumiza sana. Pengine anakuona hapa, anakatala kuimba."

Sauti iliyokosekana ilikuwa imekaa kitandani, futi mbili kutoka kwake.

Syntiche angeweza kuinuka. Angeomba radhi, akatoka, na kesho saa kumi Wivine angeimba tena. Mama angebaki na mtoto, na yeye angebaki na mahali pa kuombea msamaha. Mpaka Jumapili, watu waje na maombi na moto, wamwite mama mchawi mbele ya majirani. Aliyatamani yote hayo, hata kwa siku nne tu, alitamani sana. Na kiitikio cha pili kilikuwa kinakuja, alikijua bila kutazama.

Akafungua mdomo, bila mikrofoni, bila kitu.

*"Kuya mbio, dada, kuya mbio, courant itaenda..."*

Uso wa mama uliwaka. Kwa kitambo kimoja alikitazama kioo kwa furaha ambayo Syntiche hataisahau mpaka azikwe. Kisha mama akasikia sauti inatoka wapi. Vijiti vikasimama hewani. Akageuka polepole, akamwona msichana yule akiimba, machozi yanamwingia kinywani, na Syntiche hakunyamaza. Aliimba kiitikio chote mpaka mwisho, maana kukiacha nusu kungempa mama pa kujidanganyia.

"Ni weye," mama alisema.

"Ni miye, Mama."

"Siku zote?"

"Siku zote. Nilizania ni yeye anapiga. Ile ya bluu... Mama, nilizania ni Wivine. Unisamehe. Nilimutukana, na mukono yake ilikuwa inavimba."

Mama Constance aliviweka vijiti juu ya ngoma, sambamba, kama Wivine alivyofanya kila alipomaliza. Akainuka. Akavua kitambaa cha kichwa. Mikono miwili ikapanda juu ya kichwa chake, na sauti iliyomtoka haikuwa ya kwaya wala ya mashine yoyote. Ilipita ukuta, ikapita ua, ikafika barabarani. Syntiche aliteleza kutoka kitandani akaanguka sakafuni miguuni pake, naye akalia, kwa sauti ileile iliyofanana, mpaka aliye nje asingejua wanaolia ni wangapi.

Naviundu inajua sauti hiyo. Majirani waliacha sufuria motoni wakaja mbio, na wa kwanza mlangoni alikuwa Benita, muuza mkaa, mikono yake bado myeusi.

"Mama Wivine! Kuko nini? Nani alikufa?"

Mama alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Wivine," alisema. "Mutoto yangu Wivine alikufa."

Benita alikuwa makaburini siku ile ya mwezi wa sita. Yeye ndiye aliyebeba msalaba wa mbao. Lakini hakusema kwamba anajua. Alivua viatu, akaketi chini karibu nao, akafungua kitambaa chake cha kichwa, akaanza kulia pamoja nao.