Mayai ya Chozi

Kunguru ana roho mbaya, hilo halina ubishi. Anakula mayai ya wenzake mchana kweupe wala haoni haya. Lakini jamani, kila balaa la Nachingwea liwe lake yeye? Mwaka ule wa hamsini, memsabu wa bwana mkubwa wa matingatinga, yale ya kung'oa msitu ili Wazungu walime karanga, alishikilia kwamba ndege wake, chozi na tetere, wameihama bustani yake kwa sababu ya kunguru. Akamwamuru Isihaka, mtunza bustani, awamalize. Ndege wasiporudi kuimba kabla ya masika, na yeye afungashe virago.

Isihaka alijua fika walikokwenda. Kabla ya kazi ya bustani aliwahi kufunga minyororo kwenye matingatinga yale, akaona msitu mzima ukilala chini pamoja na viota vyake. Shamba lake la ufuta lilikwenda humo humo. Sasa hakuwa na kitu ila kibarua hicho, basi akafyata mkia, akaua kunguru. Aliwapiga manati, akabomoa viota, akaponda makinda huku wazazi wao wakimlilia juu ya kofia, na roho ikamuuma. Wakaisha wote. Masika yakakaribia, bustani kimya.

Ijumaa alikwenda kwao Mtua. Kichaka cha makaburini matingatinga yalikuwa yamekizunguka tu bila kukigusa, na mle ndani chozi walijaa tele, makelele kama watoto wa chuoni wakisoma Kurani. Isihaka akafurahi, masikini. Alijiambia memsabu akiona kwa macho yake ataelewa kwamba ndege wanataka miti. Mkewe Mwanaima alimkataza kuchukua kitu makaburini. Hakusikia. Alikata tawi lenye kiota, ndani mayai mawili madogo kama punje za karanga, akalibeba kwa mikono miwili hadi Nachingwea.

Akaliweka mezani, barazani kwa memsabu.

"Memsabu, ndege hawakuliwa. Wamefuata miti. Hapa tuliing'oa yote, na mimi nilikuwemo."

Memsabu aliyatazama mayai, kisha akamtazama yeye, uso ukamwiva.

"Kumbe mwizi ni wewe."

Alifukuzwa saa ile ile, na sokoni wakaanza kumwita Kunguru. Mayai yalibaki pale mezani, yamepoa. Hata wa kuja kuyala hakuwepo, maana kunguru wote alikwisha kuwamaliza yeye mwenyewe.