Kengele ya Shimo la Saba

Kengele iliibwa Jumatatu. Aliyekuja kuniambia ni Steve, mkata nyasi wa uwanja wetu wa gofu, nikiwa bado nafungua kibanda.

"Maman Bijou, wameing'oa. Wametuachia nguzo tu."

"Nguzo ni ya mbao, Steve. Wanunuzi wa vyuma chakavu mbao wataifanyia nini?"

Lazima nieleze shimo la saba, la sivyo hutaelewa kwa nini watu wazima waliililia kengele. Uwanja huu ulichorwa zaidi ya miaka mia iliyopita na Mskoti mmoja aliyekuwa na hamu ya kwao pwani. Kutoka Johannesburg hadi baharini ni saa sita kwa gari, lakini yeye hakujali. Alirundika vilima kama vya ufukweni, akachimba mashimo ya mchanga, akakataza miti, akaacha majani marefu yapepee. Kwenye shimo la saba akaweka kilima kirefu kama nyumba ya ghorofa, kati ya mpigaji na bendera. Unapiga mpira juu ya kilima bila kuona unakokwenda. Alidhani hiyo ndiyo raha. Basi ikawekwa kengele: ukimaliza, unaigonga na kuondoka, wa nyuma wanajua njia ni nyeupe.

Kibanda changu cha chai na maandazi kimejengwa kwenye mgongo wa kilima hicho. Nimekaa hapo miaka kumi na miwili, na watoto wangu watatu, Bijou akiwa wa kwanza, wamesomeshwa na maandazi hayo.

Jumatano mpira ulitoka juu ukapasua chupa ya chai ya mteja wangu aliyekuwa bado karibu na bendera. Bwana Lategan, mwenyekiti wa klabu, akaja mara moja.

"Kilima kitasawazishwa. Katapila linakuja wiki ijayo."

"Na kibanda changu?"

"Kibanda kiko juu ya kilima, Mama Concilie," akasema, akitumia jina langu la kwenye karatasi.

"Si ununue kengele nyingine?"

"Itaibwa tena."

Hapo alisema kweli. Ila kila mtu alijua kweli nyingine: tangu ajiunge na klabu, Lategan hajawahi kukivuka kilima kile kwa mpigo wa kwanza.

Tulijaribu njia nyingine. Steve akapiga mluzi, wachezaji wakadhani anaita mbwa. Akagonga sufuria, upepo ukaimeza sauti. Nikachoka kumtazama.

"Sogea huko."

Nikapiga vigelegele, vile vya bibi harusi anapotolewa ndani. Ndege wote waliokuwa bondeni waliruka. Steve akaangusha sufuria.

"Eish, Maman! Hiyo imefika mpaka mtaa wa Malvern!"

Nikamfuata Lategan ofisini. Nikamwambia Jumamosi ya mashindano kengele ni mimi. Asipoumia mtu, kilima kinabaki. Akacheka, akakubali. Nadhani alitegemea sauti itanikauka kabla ya saa nne.

Haikukauka. Nilisimama na Steve chini ya kilima, upande wa bendera. Asubuhi yote watu walimaliza, nikaita, wakaondoka, wengine wakapiga. Shida moja tu: kengele haina hisia, lakini vigelegele ni vya furaha, na mimi niliwapigia wote sawa, aliyefaulu na aliyeaibika. Wengi walicheka. Mmoja aliinama kama mwimbaji jukwaani.

Kisha ikafika zamu ya Lategan. Mpira wa kwanza uligonga kilima ukamrudia miguuni. Wa pili pia. Hatukumwona, ila tulimsikia. Alipovuka, akatumbukia kwenye mchanga, akachimba humo kama anayevuna viazi. Mipigo kumi na moja. Mpira ulipoingia, mimi nikafanya kazi yangu. Nikapiga vigelegele vya pumzi nzima.

Ng'ambo ya kilima watu wakashangilia. "Hongera, Lategan!"

Akageuka mwekundu. "Unanicheka?"

"Natangaza umemaliza. Ondoka hapo, Bwana."

"Siondoki mpaka uniombe radhi."

"Nitakuomba ukiwa huku. Ondoka!"

"Mimi ndiye mwenyekiti hapa!"

"Mpira haumjui mwenyekiti! Toka!"

Mpira ukaja. Ulivuka kilima, ukamdunda Lategan matakoni, pwaa, ukaanguka, ukabingirika taratibu mpaka ukaingia shimoni.

Gogo Khuzwayo, yaani Bibi Khuzwayo, mchezaji wa miaka sabini na sita, akatokea akipekua majani kwa fimbo yake.

"Nani ameuona mpira wangu?"

"Uko ndani, Gogo," Steve alisema.

"Ndani ya nini?"

"Ya shimo."

Gogo akachungulia shimoni. Kisha akamtazama Lategan, aliyekuwa amejishika nyuma kwa mikono miwili.

"Wewe ndiye mwalimu wetu wa sheria. Sheria inasemaje?"

Lategan alijibu akiwa bado amejishika. "Mpira ukimgonga mtu kwa bahati mbaya, unahesabiwa pale ulipoishia."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo umelimaliza shimo kwa mpigo mmoja."

"Miaka thelathini nacheza," Gogo alisema, akakaa chini kwenye nyasi. "Miaka thelathini!"

"Lakini mtu ameumia!" Lategan akanigeukia. "Tulikubaliana. Kilima kinaondoka."

"Uliambiwa uondoke mara tatu," nikamjibu. "Kengele ingekuambia mara moja."

Gogo akainua kichwa. "Kilima kipi kinaondoka? Hiki changu?"

Kamati ilikutana alasiri ileile. Wafanyakazi hawaruhusiwi kuingia, kwa hiyo niliingia na birika la chai nikamimina polepole sana. Gogo alisema anayetaka kuligusa shimo la saba aanze kumgusa yeye. Mikono tisa ikainuka upande wake, mmoja ukabaki mezani.

Nikaomba barua. Kilima kinabaki, kibanda kinabaki, tarehe na sahihi. Lategan akasema neno lake linatosha. Nikamwambia neno halikai kwenye faili, nikamvutia kiti aandike vizuri.

Alikitazama kiti. Akaandika amesimama.