Midomo Tu

Kwaya ya mtaa haikuwa na mchujo. Ukifika ukumbini Jumatano jioni ukapata kiti, basi wewe ni mwimbaji. Fundi cherehani, ambaye ndiye aliyeifundisha kwaya hiyo, aliusifu utaratibu huo mbele za watu, na moyoni ulimchoma. Alitaka kombe, walau mara moja kabla hajazeeka.

Kikwazo chake kilikuwa dada yake mkubwa, aliyemlea. Ni mpishi wa shule, mwenye sauti ya kuita watoto mia nne waje kula, na hiyo hiyo ndiyo aliyoimbia sauti ya pili. Noti hakuwa na habari nazo.

Siku tatu kabla ya mashindano, fundi alimvuta pembeni.

"Dada, Jumamosi fungua midomo tu. Sauti usitoe."

"Kwani naharibu?"

"Kidogo," akasema fundi, na huo ulikuwa uongo wa adabu.

Dada alifikiri. "Haya, mdogo wangu. Kutabasamu naruhusiwa?"

Jumamosi wimbo ulianza vizuri ajabu. Katika ubeti wa tatu, waimbaji wa sauti ya pili huingia peke yao. Fundi alishusha mkono. Kimya. Wanawake kumi na wawili wa sauti ya pili walikuwa wamemkodolea macho dada, wanamsubiri. Miaka sita hawakuwahi kuufuata mkono wa fundi. Walimsikiliza dada akivuta pumzi kwa kishindo, kama mtu anayetua sufuria, ndipo wakaingia. Fundi hakulijua hilo mpaka Jumamosi ile. Siku hiyo dada alikuwa ameivuta polepole isisikike, akafungua midomo kwa wakati kamili, anatabasamu.

Walishika mkia. Fundi aliona aibu, wala si kwa kukosa kombe.

Jumatano dada alikuja, akakaa kiti chake.

"Dada, leo imba," fundi akamwambia mbele ya wote. "Kwa sauti."

"Sawa."

Wakaanza. Midomo ya dada ilifunguka na kufumbika, lakini hakikutoka kitu. Fundi akawasimamisha.

"Dada, si nimesema imba?"

"Najaribu, mdogo wangu," akasema, bila hasira hata chembe. "Kila nikitaka kuitoa, nakusikia wewe."

Wanawake kumi na wawili wakageuka kumtazama fundi, na hakuna aliyemsaidia.