Bi Mkunga Hapigwi Picha Peke Yake

"Mimi bado sijafa, Fundi! Umesikia? Sijafa!"

Bi Mkunga alikuwa mlangoni kwake, kitambaa cha kichwa kimekaa upande, anapunga kadi ya zawadi ya studio ya picha kama refa anayemtoa mchezaji uwanjani. Fundi, mshonaji wa nyumba ya pili, alitoka na tepu ya kupimia shingoni, akatema pini mkononi.

"Nani kasema umekufa, dada yangu? Nimekupa zawadi, ukapigwe picha moja ya maana, yenye fremu. Miaka sabini umetimiza, huna hata moja!"

"Ya kuweka juu ya jeneza!"

Mimi, dirishani kwangu, nikainamisha kichwa nikaendelea kusuka. Kusema kweli, habari za jeneza zilitoka saluni kwangu. Jana yake Bi Mkunga alikuja kunionyesha kadi, kafurahi kama mtoto, nami mdomo wangu hauna breki: "Afadhali, siku yako ikifika hatutahangaika kutafuta picha." Alicheka. Kumbe alikwenda kulala na lile neno.

Wale wawili wanakula mchana sahani moja tangu Fundi ahamie hapa, miaka kumi na miwili sasa. Siku ile kila mtu alikula kwake. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu Fundi akashona mkono wa kushoto wa gauni upande wa kulia, akafumua, akaurudisha palepale.

Nikaona hapana, hili nimelipika mimi. Nikaenda kwa Bi Mkunga kuungama. Hakunitukana, na hapo ndipo nilipoogopa. Aliuliza tu, "Kadi inaisha lini?"

"Kesho, Bi."

"Basi kesho usifungue saluni."

Asubuhi akagonga mlango mmoja baada ya mwingine. Miaka arobaini amezalisha mtaa huu. Nani wa kumkatalia? Tulifika studio watu thelathini na mmoja: muuza nyama na aproni yake, mapacha wanaobishana nani alitangulia, mimi na mteja wangu wa jana, kasukwa nusu kichwa. Fundi aliburutwa mkono, tepu bado shingoni.

Mpigapicha akashika kichwa. "Bibi, kadi hii ni ya mtu mmoja!"

"Wewe ulikuja kwa kutanguliza miguu," Bi Mkunga akamwambia, "nikahangaika na mama yako mpaka kukakucha. Nilimwambia zamu yangu imekwisha?"

Mpigapicha akabeba kamera, akatupanga nje kwenye ngazi. Bi Mkunga akakaa katikati, Fundi kando yake.

"Lakini mimi hukunipokea wewe," Fundi akanong'ona. "Nilihamia nikiwa mtu mzima."

"Hawa wote niliwapokea walivyokuja. Wewe nilikuchagua." Kisha akapaza sauti: "Haya! Atakayeiweka hii juu ya jeneza, kwanza aseme ni la nani kati yetu!"

Picha ikapigwa hapohapo. Fundi kaachama kwa kicheko, machozi yanamtoka. Mimi natazama pembeni kama mwizi wa kuku.

Tuliporudi, Bi Mkunga akafungua mlango, akafunua sufuria. "Fundi, nawa mikono."

Nikaanza kunyata kuelekea saluni.

"Na wewe mchochezi, unakwenda wapi? Ingia ule. Mdomo huo ukiwa na chakula, angalau mtaa utapumua."